Sikio Pana Halikosi Kwao

Wako watu miongoni mwetu, na baadhi yao ni wasomi wenye heshima zao, wanaoamini kuwa mtu apendaye muziki wa namna nyingi ni mtu asiye na msimamo. Mtumishi wa serikali akionekana leo kwenye taarabu, kesho kwenye dansi, na keshokutwa akiwasikiliza vijana wa bongo fleva, huambiwa kuwa ni bendera inayofuata upepo. Mwalimu akiwafundisha wanafunzi wake mdumange, kisha akawaruhusu kuimba wimbo wa kufokafoka, huulizwa yuko upande gani. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kuwa swali hilo halina haki, na kwamba shahidi mzuri wa jambo hili ni Mkoa wa Tanga.

Hapana budi tuanze na historia. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na miaka hiyo hiyo mkonge uliletwa nchini. Tangu hapo mashamba ya Tanga yaliwakusanya manamba kutoka pande nyingi: Wanyamwezi, Wamakonde, Warundi na wengineo. Kila kundi lilikuja na nyimbo zake, likawakuta wenyeji na ngoma zao: Wasambaa na mdumange, Wazigua na selo, Wadigo na sengenya. Huko mjini palikuwa na udi wa Kiarabu, nyimbo za sinema za Kihindi, na santuri za rumba ya Kuba zilizofika kwa meli. Mtoto aliyekulia katika mji wa namna hiyo hakuchagua kuwa na sikio pana. Alizaliwa akalikuta.

Tutazame matokeo yake. Katika miaka ya 1950 ilikuwapo Tanga bendi iliyoitwa Young Nyamwezi, ambayo baadaye ikajulikana nchi nzima kwa jina la Jamhuri Jazz. Hebu msomaji aichambue bendi hiyo: jina lake la kwanza lilitoka Unyamwezi, magitaa yake ni ya Ulaya, mapigo yake ni ya Kuba ambayo asili yake ni Afrika, na maneno yake ni Kiswahili. Humo ndimo walimopita ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, ambao mwaka 1966 walihamia Arusha, na mwaka 1971 wakaingia Mombasa na kuunda Simba Wanyika, bendi iliyopendwa Kenya na Tanzania. Je, muziki huo ni wa nani? Anayetaka kuugawa awape wenyewe kila mtu chake, atabaki na mikono mitupu.

Taarabu nayo ina kisa hicho hicho. Klabu ya Black Star ya Tanga, na baadaye Lucky Star iliyotokana nayo, ziliingiza gitaa la umeme na besi katika taarabu, na mapigo ya dansi yakasikika humo bila ushairi kupoteza adabu yake. Ndipo sauti ya Bibi Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, ilipopata nafasi ya kusikika mbali. Mwaka 1989 nyimbo za klabu hizo mbili zilitolewa huko London katika santuri iliyoitwa Nyota. Lau vijana wale wangeshika amri kwamba apendaye udi asiguse gitaa, Tanga isingekuwa na taarabu ya kujivunia kama yake. Ingekuwa inarudia ya Unguja tu.

Wala tusidhani kuwa upana huu ni wa vijana peke yao. Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyefanya kazi ya ukarani serikalini miaka mingi, aliyatunga mashairi yake kwa kanuni za malenga wa kale. Hata hivyo aliona inafaa kuandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa katika unyonge na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Karani mwenye kalamu nzito hakuona aibu kumtukuza mwanamke mwimbaji.

Yako mabishano mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni lile la utamaduni wa kigeni. Watu hukumbusha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962, ambamo alisikitika kuwa wengi wetu twajua rumba na twisti, lakini ni wachache waijuao gombe sugu au lele mama. Ni kweli alisema hivyo. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya pia kuwa taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Wengi wameshika nusu ya kwanza wakaiacha ya pili. Mnamo Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam. Lakini kumnyang'anya kijana soul si kumfundisha mdumange. Mdumange hufundishwa na mtu aujuaye.

Bishano la pili ni zito zaidi, nalo husema kuwa apendaye vyote hapendi kitu. Tanga ilisifika kwa ushabiki: Atomic Jazz na Jamhuri, Black Star na Lucky Star, na katika soka Coastal Union na African Sports. Mashabiki hao ndio waliolipa viingilio, na mashindano hayo ndiyo yaliyowafanya wapigaji wasilale. Jambo hili hatuwezi kulikana. Mtu asemaye anapenda kila kitu, na hali hajui jina la mpigaji hata mmoja, hana sikio pana. Ana redio iliyoachwa wazi. Upana tunaoutetea ni wa bidii. Ni kukipima kila kitu kwa kipimo chake, kwani nguo haipimwi kwa pishi. Taarabu yataka msikilizaji anayefumbua mafumbo. Dansi lataka anayesikia jinsi magitaa yanavyojibizana. Ngoma haitaki mtazamaji kabisa, yataka mchezaji.

Vijana nao wana kipimo chao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitokea Tanga vijana wawili waliojiita Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani kwa lugha za wenyeji wa mkoa huo. Katika wimbo wao Wauguzi walishtaki waziwazi huduma mbovu za hospitali. Wazee wengine walisikia kelele tu. Lakini je, kuisema jamii si kazi ya malenga tangu zamani? Tofauti ni kuwa malenga alifumba, nao wakafumbua.

Hasara ya masikio finyu iko mbele ya macho yetu. Katika sherehe zetu, ngoma huitwa kumpokea mgeni rasmi, ikapewa dakika tano juani, kisha ikaondolewa ili spika zifunguliwe. Wazee waijuao wanakwisha, na vijana hawajui kuwa wamenyimwa kitu. Maafisa utamaduni hawana budi kuipa ngoma saa yake kamili, usiku, kwa wachezaji wake.

Na mwalimu hahitaji kungoja fungu la fedha. Amtake kila mwanafunzi alete darasani wimbo mmoja kutoka nyumbani kwao, uwe wa unyago, wa kaswida, wa dansi au wa bongo fleva. Aandike ni lugha gani, ni nani aliyeutunga kama anajulikana, na huimbwa wakati gani. Darasa zima lisikilize bila kucheka. Katika darasa moja la Tanga, Muheza au Pangani, mwalimu atapata historia ya mkoa isiyokamilika katika kitabu chochote, na mtoto aliyeuonea haya wimbo wa bibi yake atauona ukiandikwa ubaoni pamoja na nyimbo za redioni.