Programu Bora ya Usalama Barabarani Ni Mdomo wa Abiria

Kila inapotokea ajali kubwa hapa nchini, sisi watu wa kompyuta huwa na jibu tayari: tuunde programu. Programu ya kuripoti madereva wabovu, programu ya kuita bodaboda, kamera za kusoma nambari za magari, kifaa cha kurekodi mwendo. Mimi naandika programu na ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo siwezi kuidharau. Lakini leo nina hoja moja ambayo huenda isiwafurahishe wenzangu: katika barabara kama zile za Githongo, chombo chenye nguvu kuliko vyote tayari kimo ndani ya gari. Ni mdomo wa abiria.

Kwa msomaji asiyepajua, Githongo iko Imenti ya Kati, Kaunti ya Meru, kwenye mitelemko ya Mlima Kenya. Ni nchi ya majani chai. Pana kiwanda cha chai, soko, hospitali na mahakama ya hakimu. Barabara hupanda na kushuka, kona baada ya kona, na msimu wa mvua ukifika utelezi na ukungu huja pamoja. Njia hiyo hiyo moja hutumiwa na lori la majani chai, matatu, Probox iliyojaa hadi mlangoni, bodaboda, mama aliyebeba mzigo mgongoni na watoto wanaotoka shule. Ukishuka unaikuta barabara kuu ya Meru kwenda Nairobi kupitia Nkubu, Chuka na Embu, ile ambayo pikapu za miraa huifanya uwanja wa mashindano kwa sababu miraa ikichelewa inakauka na bei inaanguka. Kwenye barabara hiyo ndiko liliko daraja la Nithi, ambako tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa linatoka Meru lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha.

Nchi nzima, takwimu za NTSA zinasema watu 4,748 walikufa barabarani mwaka 2024. Wanaotembea kwa miguu ndio wengi zaidi, na wanaofuata ni watu wa pikipiki.

Je, tatizo ni kwamba hatuna sheria? Hapana, tunazo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa katika vituo vya biashara na miji. Matatu na mabasi hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 popote. Marekebisho ya mwaka 2012 yakaongeza mambo ya pikipiki: mwendeshaji avae helmeti na jaketi lenye kuakisi mwanga, ampe abiria wake helmeti na jaketi pia, na asibebe zaidi ya abiria mmoja. Mmoja! Simama stejini yoyote ya Meru asubuhi ya siku ya shule uhesabu watoto walio juu ya pikipiki moja, kisha uniambie sheria hiyo inaishi wapi.

Mimi naziona sheria za barabarani kama itifaki, yaani ile lugha ambayo kompyuta mbili zisizojuana huitumia ili zielewane. Nikiwasha indiketa ya kulia, sizungumzi na askari. Namwambia mtu wa bodaboda aliye nyuma yangu: "Usipite upande huo, nageuka." Naye akiwasha taa mchana kwenye ukungu, ananiambia: "Nipo, nione." Nikikataa kulipita lori kwenye kona, nampa nafasi mtu ambaye bado sijamwona. Itifaki hufanya kazi pande zote mbili zikiiheshimu. Upande mmoja ukiiacha, ujumbe unapotea, na barabarani ujumbe ukipotea huwezi kuutuma tena.

Sasa, sisi tumeigeuza itifaki hii kuwa ada ya askari. Mkanda unafungwa hatua chache kabla ya kizuizi na kufunguliwa hatua chache baada yake. Helmeti inaning'inia kwenye mkono wa pikipiki, inavaliwa ikionekana kofia ya polisi kwa mbali. Na kwa kuwa askari hawezi kusimama kwenye kila kona kutoka Githongo hadi Nkubu, sheria nayo haiko kwenye kona hizo.

Tumeshaona mambo haya. Sheria za Michuki zilipoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004, matatu nyingi zilikaa nyumbani siku za kwanza na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Kisha zikarudi zikiwa na mstari wa manjano, mikanda, vidhibiti mwendo na abiria 14 kamili. Nchi ilipendeza! Lakini jicho lilipolegea, mikanda ikachakaa, na vidhibiti mwendo vikapata mafundi wa kuvichezea. Kisha, mwishoni mwa muongo ule, Serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, bodaboda zikajaa vijijini. Vijana walipata kazi na kina mama wajawazito wakapata njia ya kufika hospitali usiku. Hiyo ni neema, wala sitamsikiliza mtu anayesema bodaboda zipigwe marufuku. Ila zilikuja haraka kuliko mafunzo ya kuziendesha.

Na teknolojia je? SafeBoda ilianza Kampala mwaka 2014, ikiwa na helmeti ya abiria na mafunzo kwa waendeshaji. Ilikuja Nairobi mwaka 2018 na kufunga biashara yake ya Kenya mwishoni mwa 2020. Wazo zuri, lakini programu ya namna hiyo inahitaji wateja wengi wenye simu janja wanaoita pikipiki kila dakika. Githongo hatuiti pikipiki kwa simu janja. Tunapunga mkono, au tunampigia yule kijana tunayemjua. Ma3Route nayo, iliyoanza mwaka 2012, iliwawezesha watu wa Nairobi kupashana habari za foleni na ajali, na watafiti wakatumia jumbe hizo kuchora ramani ya maeneo hatari ya jiji. Ilifaa kwa sababu Nairobi kuna maelfu ya watu wanaoandika. Kona ya kijijini haina mwandishi.

Hata hesabu zetu zenyewe zina pengo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu 13,463 walikufa katika barabara za Kenya, ilhali takwimu rasmi zilisema 2,965. Mwenye kujua data ataelewa maana yake: huwezi kuiachia kompyuta kazi ya kulinda watu ambao hata kufa kwao hakukuandikwa popote.

Ndiyo maana napenda sana kuwasimulia wenzangu habari ya stika. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walichukua matatu zaidi ya 1,000 hapa Kenya. Kwa bahati nasibu wakazigawa makundi mawili. Kundi moja likabandikwa stika ndani, zinazowahimiza abiria waseme dereva akiendesha vibaya. Kundi la pili likaachwa kama lilivyo. Madereva waliotunza stika zao waliingizwa kwenye droo ya zawadi. Basi. Hakuna intaneti, hakuna kamera, hakuna askari. Walipohesabu madai ya bima, matatu zenye stika zilikuwa na madai pungufu kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio lile lilirudiwa baadaye kwa magari mengi zaidi, takriban 12,000, chini ya jina la Zusha, na madai yakapungua kwa robo hadi theluthi.

Mimi sijawahi kuandika programu yenye matokeo kama hayo, na nadhani wenzangu wengi nao bado. Kipande cha karatasi!

Kwa nini kilifaulu? Watu 14 ndani ya matatu wote wanaogopa, lakini kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Anatazama dirishani, anashika kiti cha mbele na kuomba kimyakimya. Stika inamwambia kwamba kusema ni haki yake, na kwamba wenzake wameisoma pia. Mmoja akisema "Dere, punguza mwendo," wa pili anaitikia, na wa tatu anataka kushuka. Dereva ana sababu ya kusikia, maana hao ndio wanaomlipa. Kwa lugha yetu, abiria ndiye kihisi kilicho karibu kabisa na hatari, kinachofanya kazi bila mtandao.

Na abiria wa leo ana kitu ambacho yule wa 2008 wengi hawakuwa nacho. Simu janja yenye GPS inaweza kuonyesha mwendo wa gari bila hata bando, kwa sababu GPS hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Kuna programu nyingi za bure za kazi hiyo. Ukiona 95 na sheria inasema 80, huna haja ya kubishana kuhusu hofu yako. Msomee dereva namba. Na ukumbuke hesabu hii: kwa mwendo wa 50 gari hupita takriban mita 14 kila sekunde, kwa 80 hupita mita 22, kabla mguu haujagusa breki. Nguvu ya mgongano nayo haiongezeki kwa kiasi hicho hicho tu, huzidi mara mbili na nusu.

Kwenye bodaboda abiria yuko peke yake, lakini sauti yake ni kubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye mteja pekee. Mapitio ya tafiti nyingi duniani yanaonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa hiyo ukifika stejini, usiulize kwanza bei. Uliza, "Nani ana helmeti ya pili?" Siku ya soko wateja kumi wakiuliza hivyo na kumpa kazi mwenye nayo, waliobaki watanunua kufikia soko lijalo. Mwambie asizime injini mteremkoni ili kuokoa petroli, kwa sababu hapo anaachia breki peke yake kazi iliyokuwa ikisaidiwa na injini. Ukiwa na watoto watatu, lipa safari mbili au tatu. Najua ni ghali. Ila tusijidanganye kwamba ile bei ya kuwabeba wote pamoja ni nafuu.

Zipo pingamizi, na nyingine ni za kweli. Wapo wanaosema helmeti ya watu wote ina jasho. Funga leso au kitambaa kichwani kwanza, au nunua yako kama unasafiri kila siku. Wengine wanasema usiku wa manane kuna pikipiki moja tu na mgonjwa anazidiwa. Sawa, panda, lakini omba aende polepole. Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni hili: kwamba namtwika mwananchi mzigo wa Serikali. Hapana. Abiria hawezi kujenga njia ya watembea kwa miguu, kuweka vyuma vya kingo bondeni wala kunyoosha kona ya daraja la Nithi. Hayo tuwadai wanaohusika bila kuchoka. Lakini barabara haitajengwa leo jioni, nawe leo jioni utasafiri.

Kwa nyinyi waandishi wa programu, sisemi tukae bure. Tuunde vitu vya kuupa mdomo huu nguvu. Mfumo mdogo wa USSD unaokubali hata mulika mwizi, ambao abiria anatuma nambari ya gari kwa sacco yenyewe. Daftari la kielektroniki la hospitali za vijijini, la kuandika tu ajali ilitokea kona gani, saa ngapi, na kama helmeti ilivaliwa. Hakuna atakayetupigia makofi kwa kazi kama hiyo, lakini miaka miwili baadaye tutaijua kona ya kuwekwa matuta kwanza.

Na wewe msomaji uliyezoea kunyamaza kwa sababu hutaki kuonekana mwoga: safari yako ijayo, lori liko mbele, kona imefunga, na dereva wako anaanza kutoka upande wa kulia. Utasema nini?