Pampu Bora ya Baskeli: Israfu au Akiba?

Pamoja na kuzidi kwa pikipiki na gari za abiria katika visiwa vyetu, baskeli haijaacha kuwa chombo cha mvuja jasho. Ndiyo inayochukua tenga la samaki kutoka dikoni na gunia la karafuu hadi kituo cha ununuzi, na ndiyo inayomfikisha mwalimu skuli na mhudumu wa afya kwa mgonjwa. Kwa hivyo kila kinachohusu uzima wa baskeli kinahusu pia riziki ya wananchi, nacho hakistahili kudharauliwa kwa udogo wake.

Leo tunapenda kuizungumzia pampu. Si ile kubwa ya fundi inayosimamishwa chini, bali ile ndefu inayopachikwa kwenye fremu na kufuatana na mwenye baskeli kila aendako. Wengi huuliza: je, inafaa mtu wa kipato cha kawaida atoe fedha mara tatu au nne zaidi kwa kununua pampu bora, ilhali nyingine ya bei ndogo ipo?

Jawabu yetu ni kwamba inafaa kwa yule ambaye riziki yake iko juu ya magurudumu mawili na njia yake iko mbali na fundi, kwa sharti kwamba anachokilipia ni uimara na si urembo.

Tuangalie kazi yenyewe. Tairi la baskeli ya mizigo huhitaji upepo wa kiasi cha ratili 50 kwa kila inchi ya mraba. Pampu ambayo tundu lake la ndani lina upana wa milimita 22 humtaka mwenye kuisukuma, anapofikia kiwango hicho, atumie nguvu sawa na uzito wa kilo 13 hivi. Tundu likiwa la milimita 30, nguvu hiyo hufika kilo 25. Ndiyo maana pampu nene na fupi humchosha mtu kabla tairi halijajaa, na ile nyembamba na ndefu humkamilishia kazi: wembamba hupunguza uzito wa mkono, na urefu huongeza upepo katika kila msukumo.

Lakini umbo peke yake halitoshi. Ndani ya pampu, mwisho wa mti wa kusukumia, mna kipande cha ngozi au mpira kinachozuia upepo usirudi nyuma. Katika pampu dhaifu kipande hicho hakibani sawasawa, bomba lenyewe ni la plastiki nyepesi inayopinda, na mdomo wake haukai vizuri juu ya valvu. Mtu husukuma mara mia, na nusu ya upepo humtoka mikononi. Hatimaye huchoka, akapanda baskeli tairi likiwa nusu, na tenga la samaki liko nyuma. Hapo mpira wa ndani hubanwa baina ya ringi na jiwe ukatoboka, na tairi hupasuka ubavuni. Alichokiokoa dukani hukilipa barabarani, tena kwa ziada.

Tuchukue mfano. Iwapo pampu bora inauzwa kwa bei ya pampu nne dhaifu, na kila dhaifu inadumu miezi minne, basi baada ya miezi 16 wanunuzi wawili wametoa fedha sawa. Tangu siku hiyo mmoja anaendelea kutumia, na mwengine anaendelea kununua. Na hapo hatujahesabu mpira uliotoboka wala samaki walioharibika. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ghali.

Wako watakaosema kwamba mafundi wapo. Ni kweli, na mwananchi wa mjini anayeishi hatua chache kutoka kwa fundi hana haja ya pampu ya thamani. Lakini mchuuzi anayetoka dikoni kabla ya alfajiri kuelekea Chake Chake au Darajani humkuta fundi bado amelala, na jua halimsubiri. Wengine watasema pampu ya thamani huibiwa. Dawa ya hilo ni kuichomoa na kuingia nayo msikitini au sokoni, kama mtu anavyochukua ufunguo wake.

Hata hivyo, tunawatahadharisha wananchi wasidhani kwamba kila kilicho ghali ni bora. Ziko pampu za waendesha baskeli za mashindano, ambazo sehemu kubwa ya bei yake ni malipo ya wepesi wa gramu chache. Mtu aliyepakia mzigo wa kilo 50 hana faida na wepesi huo. Kwake yeye hiyo ni israfu. Pampu inayomfaa ni yenye bomba la chuma au aluminiamu, mdomo unaolingana na valvu ya tairi lake, na zaidi ya yote, inayofunguka. Pampu isiyoweza kufunguliwa ikabadilishwa ngozi ni ya kutupwa hata kama imenunuliwa kwa bei ya dhahabu. Inayofunguka, ikitiwa matone machache ya mafuta kila ngozi inapokauka, huweza kutumika kwa miaka mingi.

Hapa tunawageukia viongozi na watendaji wetu. Kila ofisi inaponunua baskeli kwa ajili ya wafanyakazi wake, isitazame bei ya chini peke yake. Idai pampu madhubuti na vipuri vyake. Wafanyabiashara nao wahimizwe kuleta ngozi na mipira ya pampu, kwani pampu bora isiyo na vipuri haina ubora wa kudumu. Na wanaosimamia viwango vya bidhaa wasiione pampu kuwa ni kitu kidogo mno kukaguliwa: hasara yake humwangukia mnyonge.

Visiwa vyetu huagiza karibu kila chombo cha namna hii kutoka nje. Kuagiza kibovu mara nne badala ya kizuri mara moja ni kuzitupa baharini fedha zilizochumwa kwa jasho la wakulima na wavuvi. Mwananchi na anunue kwa kipimo cha kazi yake, na mtendaji na anunue kana kwamba ni yeye atakayesukuma.