Nauli moja, kazi mbili: vituko vya wodi ya watoto Same

Siku ya gulio, nesi wa wodi ya watoto mjini Same hahitaji kalenda. Anachungulia tu benchi la nje. Juu ya benchi kuna watoto wanaokohoa. Chini yake kuna mkungu wa ndizi, kiroba cha tangawizi na jogoo aliyefungwa miguu, anayewika kila daktari anapopita. Wote wameshuka na gari moja kutoka mlimani.

“Mtoto ameanza kuumwa lini?” nesi anauliza.

“Jana tu,” mama anajibu.

Bibi aliyekaa pembeni anaguna. Nesi mzoefu hapuuzi mguno wa bibi. Anamgeukia, anainama kidogo: “Shikamoo bibi. Eti mtoto alianza lini?”

“Marahaba mwanangu. Leo siku ya tano. Tukasema tusubiri gulio, nauli ifanye kazi mbili.”

Watani wa Wapare hawaishiwi na maneno kuhusu watu hawa na fedha zao. Husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe agharimie kesi ya kuku, ila hawezi kununua soda bila kuuliza bei mara mbili. Manesi wa Same, ambao wengi wao ni Wapare wenyewe, hucheka utani huo kuliko hata wageni. Na wana la kuongeza: hakuna mahali kadi ya kliniki inatunzwa kama huku. Inatoka kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine wa nailoni, ikiwa imekunjwa pamoja na risiti ya mbolea ya msimu uliopita. Nesi anaona mara moja kwamba mtoto alipata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi tisa, na kwamba ile ya miezi 18 bado. Kazi ya nusu saa inaisha kwa dakika mbili.

Tatizo ni pale ubanaji unapohamia kwenye siku za ugonjwa.

Na hesabu ya bibi yule si ya kijinga. Mji wa Same uko chini, kwenye tambarare kavu kando ya barabara ya Moshi kwenda Dar es Salaam. Vudee, Chome na Mamba ziko juu, kwenye ukungu na migomba. Kuna vijiji ambavyo gari la alfajiri likishaondoka, umebaki na bodaboda au miguu yako, na mvua ikinyesha hata bodaboda anajifikiria. Kwa sera ya Serikali, matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure katika vituo vyake, lakini barabara haina msamaha. Mtu akipiga hesabu ya kushuka, kupanda na chakula cha mjini, lazima asite.

Ila nimonia haijui siku ya gulio. Mtoto aliyekohoa Jumapili anaweza kuwa anavuta pumzi kwa shida Jumanne, na hapo siku mbili za kusubiri ni nyingi mno. Kipimo cha kwanza hakihitaji nauli: mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua chake, washa saa ya simu hiyo unayosomea, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili ni nyingi mno. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, ni 40 au zaidi. Ukifika hapo, usisubiri gari la mjini liwe na mzigo wa ndizi. Zahanati ya kijiji ipo kwa ajili hiyo. Inaweza kuanza dawa na kuandika rufaa siku hiyohiyo.

Baada ya maswali huja kazi ambayo manesi huita kumenya kitunguu. Mtoto ametoka Chome saa kumi na moja alfajiri, kwenye baridi ya kweli. Amevikwa fulana, sweta, sweta la kaka yake, kofia ya kufuma, kisha khanga mbili na shali ya bibi juu yake. Saa nne asubuhi yuko Same, jua linawaka, na hakuna aliyekumbuka kumpunguzia hata kofia. “Nesi, anachemka!” Kweli anachemka. Nesi anatoa tabaka moja baada ya jingine, anaziweka kwenye benchi mpaka zinakuwa rundo kubwa kuliko mwenyewe, anasubiri kidogo ndipo apime. Wakati mwingine homa imeyeyuka pamoja na shali. Wakati mwingine ipo palepale, na sasa inajulikana kuwa ni homa, kwa hiyo kipimo cha malaria kinafuata. Kichanga ni habari nyingine: huyo hupoteza joto haraka, na mahali pake salama njiani ni kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, amefunikwa, kichwa kikiwa na kofia.

Kwenye dawa ndipo ubanaji unapofanya maajabu. Mama amepewa vidonge vya amoksilini vya siku tano. Siku ya tatu mtoto anacheza mpira, basi vilivyobaki vinawekwa kabatini “akiba”, vimsubiri mdogo wake. Akiba hiyo ni hasara mara mbili: wa kwanza hajamaliza kutibiwa, wa pili atapewa dozi isiyo yake kwa ugonjwa usiojulikana.

Halafu kuna kijiko. Nesi akisema kijiko kimoja cha dawa ya maji, ana maana mililita 5, yaani kijiko cha chai. Nyumbani kijiko kilicho karibu ni cha kula wali, ambacho hubeba kama mara tatu yake. Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na chupa ndicho kipimo, wala si kofia ya ziada ya kuchezea watoto.

ORS nayo hukatwa nusu ili pakiti ifike kesho. Pakiti ya lita moja inataka lita moja ya maji safi na salama, yote kwa pamoja, na chupa ya maji ya dukani ya lita moja na nusu si lita moja. Maji hayo yakipita saa 24 yanamwagwa. Manesi wanasema hapo ndipo nyuso za bibi wengi hubadilika; kumwaga kitu kilichonunuliwa, hata kama kilitolewa bure! Vidonge vya zinki navyo huendelea siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya pili.

Na tangawizi? Milima hii inailima kwa wingi, na mtu mzima mwenye mafua anywe chai yake kwa amani. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Asali isiingie kinywani mwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata iwe ya mzinga wa babu mwenyewe, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vinavyolegeza misuli ya kichanga.

Nesi akitoka kazini mashauri hayaishi. Anapita sokoni kununua nyanya, muuzaji anakunja suruali amwonyeshe jipu. Anashauri, anaongezewa nyanya mbili. Kupewa nyongeza bila kuomba katika soko la Same si jambo dogo.

Zipo dalili ambazo hata saa nane usiku haziruhusu hesabu ya nauli: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Akiwa kwenye degedege mlaze ubavu na usimwekee kijiko mdomoni. Meno yake hayana kesi na ulimi wake. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au kichanga wa hadi siku 28, kuna usafiri wa dharura wa M-Mama. Namba ni 115 na kupiga ni bure.

Kwa mtoto aliyezidi umri huo, wapo akina mama wa mlimani walioandika namba ya bodaboda wa kijiji nyuma ya kadi ya kliniki. Pembeni yake wameandika na bei waliyokubaliana naye mapema: ya mchana, ya usiku, na ya usiku wa mvua.