Kaunti zikilipa ada, zidai hesabu

Katika kabrasha la bajeti ya kaunti kuna mstari ambao wengi huuruka: ada za uanachama katika mashirika na vyama. Mimi siuruki. Ni mweka hazina wa chama cha ushirika wa maziwa, na ada za wanachama ndizo kazi yangu.

Kaunti zetu 47 huchangia Baraza la Magavana. Mabunge ya kaunti nayo huchangia jukwaa lao, County Assemblies Forum (CAF). Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amehoji michango hii si mara moja. Kuhusu Baraza, Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya 2012, kifungu cha 37, inataka gharama za kuliendesha zitoke katika bajeti ya serikali kuu. Kwa nini basi kaunti inayodaiwa na wanakandarasi itoe tena?

Magavana wana jibu, na lina uzito. Walipovutana na wabunge juu ya Sh10.5 bilioni za ushuru wa matengenezo ya barabara, Baraza ndilo lililowasemea. Likilishwa na Hazina ya Taifa pekee, litathubutu kuishtaki serikali hiyo hiyo?

Sawa. Wapeleke hoja hiyo bungeni, sheria irekebishwe, kiwango cha ada kijulikane. Kulipa kwanza na kutafuta maelezo mkaguzi akishafika ni kumchezea mlipa ushuru.

Halafu kuna haki ya mwanachama. Kwetu, mfugaji wa ng'ombe mmoja hukatwa mchango kwenye malipo ya maziwa, lakini siku ya mkutano mkuu husimama akaniuliza: mafuta ya gari yameliwa na nani, posho hii ya safari ipi? Nisipomridhisha, kiti nimekikosa. Mama anayelipia kibanda sokoni atamuulizia nani ada inayopelekwa Nairobi kwa jina lake?

Kila kaunti iambatishe kwenye bajeti ukurasa mmoja: jina la chama, kiasi kilicholipwa, hesabu zilizokaguliwa, na kaunti ilipata nini. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari hizo. Chama kinachoficha vitabu, kaunti ijiondoe.

Wawakilishi wadi wanaweza kuufyeka mstari huo kabla ya kupitisha bajeti. Waanze na ada ya jukwaa lao wenyewe.