Kundi huvunjikia kwenye tambarare

Mlima Kitonga husifiwa sana, na kweli unastahili, lakini msafara wa baiskeli wa kutoka Dar kwenda Mbeya haufii Kitonga. Unafia Mlandizi na Chalinze, ambako barabara haina milima ya kutisha na kila mtu anajiona bingwa. Vijana wanatoka Kibaha kwa mwendo wa mashindano. Saa tano jua limeshachachamaa, wenye nguvu wako mbele wanakunywa soda, wa nyuma hawaonekani. Sisi tuliposafiri, kiongozi wetu, mzee mmoja fundi baiskeli, alituwekea sheria moja tu: mwenye mwendo mdogo ndiye anayetangulia. Tulinuna. Ila kabla ya Morogoro tulikuwa tumeshazoea kwenda mstari mmoja, gurudumu nyuma ya gurudumu, tukipokezana kukata upepo bila kugombana.

Halafu yale malori ya Zambia. Lori likikupita, upepo wake unakusukuma nje kwanza, kisha unakuvuta ndani ya barabara. Mgeni hushtuka, huyumba na kumgonga mwenzake. Hilo hulijui kwa kuambiwa kwenye kikao.

Na jamani, kaptula ya sponji haivaliwi na chupi ndani! Mwenzetu mmoja aliona haya kuuliza, siku ya pili akawa anaendesha amesimama. Pale hifadhi ya Mikumi tulipakia baiskeli kwenye gari kwa sababu ya simba na tembo. Wengine tulilalamika kwamba safari imekatwa. Yeye alikuwa wa kwanza kupanda.