Shahamu Katika Mifereji ya Nyumba Kongwe za Eldoret

Maji yanapogoma kushuka katika sinki la jikoni, lawama aghalabu humwangukia aliyeosha vyombo siku ile, naye mara nyingi ni mpangaji mgeni au mtumishi wa nyumbani. Nami nashikilia kwamba hukumu hiyo ni dhuluma, kwa kuwa mfereji wa nyumba kongwe hauzibwi na mtu mmoja wala kwa siku moja, bali huzibwa tone kwa tone na wote waliopata kupika humo, tangu zamani za walowezi, reli ilipofika hapa mwaka 1924, hadi huyu aliyehamia juzi.

Mji wetu una shida ambayo Mombasa na Lamu haziijui kwa kiasi hicho. Eldoret umekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi yake hukaribia nyuzi 10. Basi shahamu ya nyama ya ng'ombe, pamoja na mafuta ya mgando tunayokaangia chapati, huteremka na maji ya moto yakiwa yameyeyuka, walakini hayafiki mbali kabla ya kuganda ndani ya bomba lililofukiwa ardhini. Na bomba likiwa la chuma, lililokwisha kuliwa na kutu, mafuta hupata pa kushika, kisha makombo ya ugali na majani ya chai hunata juu yake tabaka baada ya tabaka. Huko London, mwaka 2017, lilikutwa chini ya mtaa wa Whitechapel bonge la mafuta na takataka lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na mafuta yake yalitoka majikoni mwa watu.

Wengi hukimbilia kununua kostiki, ile soda kali ya kuzibulia, na kuimimina mferejini. Kostiki ikikutana na shahamu huigeuza sabuni, kwani ndivyo sabuni inavyotengenezwa tangu kale. Lakini sabuni hiyo isipopata maji ya kuisukuma, hukaa palepale ikawa ngumu, na maji makali yaliyosimama juu yake humngoja fundi maskini atakayefungua bomba kesho, yamwunguze macho na mikono. Hiyo si ihsani kwa mtu anayekuja kutuondolea taabu.

Dawa iliyo bora ni ya mkono na subira. Weka karai chini ya ile kona iliyopinda chini ya sinki, ambayo huzuia maji kidogo ili harufu isipande (hekima aliyoiandikishia hataza Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, mwaka 1775), uifungue na kuisafisha. Na maji yakiwa bado hayaendi, toka nje ukafunue manholi, yaani shimo la kukagulia mfereji, iliyo karibu na ukuta wa jiko. Ukiikuta kavu, kizuizi kimo baina yake na nyumba, na waya wa kuzibulia utakifikia. Ukiikuta imefurika, kizuizi kiko mbele, na kama nyumba imeunganishwa na bomba la maji taka la mji, huenda shauri hilo likawa la kampuni ya maji ya ELDOWAS. Kutokuchukua hatua ni hatari, maadamu maji yanayofurika mjini huelekea mto Sosiani, na kupitia mito ya Kipkaren na Nzoia huishia Ziwa Victoria, na njiani wamo watu wanaoyatumia.

Mpangaji ana wajibu wake: apanguse sufuria kwa karatasi kabla ya kuiosha, na mafuta yaliyotumika ayatie mkebeni. Lakini mwenye nyumba anayekata gharama ya kuzibua katika amana ya mpangaji wa miezi sita, kwa uchafu wa miaka hamsini, amemtwika deni la wengine. Haki ni kwamba, kabla ya kukabidhi funguo, amwite fundi aipitishie waya mifereji yote, amwoneshe mpangaji manholi ilipo, na katika mkataba iandikwe tarehe ya usafishaji huo, ili siku maji yakisimama tena kila mmoja ajue ni lini mfereji ulikuwa wazi na ni nani anayepaswa kulipa.