Mwenye Kesi Akifa, Haki Yake Haifi

Aghalabu baada ya matanga husikika maneno haya katika nyumba zetu: "Mwenye kesi keshakufa, basi na kesi imekwisha." Maneno haya yamewapotezea wajane na mayatima wengi haki yao, nayo si kweli, wala katika sheria ya nchi wala katika dini yetu.

Zamani ilikuwa hivyo kwa Waingereza. Mtu aliyeumizwa akifa kabla ya hukumu, madai yake yalizikwa pamoja naye, mpaka Bunge lao lilipoigeuza kanuni hiyo mwaka 1934. Sheria ya Kenya imefuata njia hiyo hiyo: madai aliyokuwa nayo marehemu hubaki kwa faida ya mali aliyoiacha, isipokuwa machache, kama madai ya kukashifiwa.

Tuchukue mfano. Mtu amegongwa na lori, akafungua kesi, kisha akafariki kabla ya hukumu. Hata akiwa amekufa kwa maradhi mengine, fidia ya maumivu aliyoyapata na gharama za matibabu yake yaweza kudaiwa. Na ikiwa jeraha lile ndilo lililomuua, iko sheria ya pili, ya ajali za kufisha, impayo mke au mume, wazazi na watoto haki ya kudai riziki waliyokuwa wakiipata kwake. Fedha za sheria hii ya pili mahakama huwagawia yenyewe, nayo huangalia wasilipwe mara mbili kwa hasara moja.

Lakini haki haiendi mahakamani kwa miguu yake. Yatakiwa awepo msimamizi aliyepewa barua na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa au ndugu wa marehemu hakutoshi. Kwa kanuni za Kenya, ombi la kumwingiza msimamizi huyo mahali pa marehemu lataka kupelekwa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukipita, kesi huanguka, na kuifufua kwahitaji sababu ya kutosha. Tanzania Bara muda ni siku 90, nazo humalizika kabla ya mjane kutoka edani. Stakabadhi za dawa, vyeti vya hospitali na ripoti ya polisi zihifadhiwe pia, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, fedha zikipatikana, ni za nani? Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiona kwamba mke hana fungu katika diya ya mumewe. Ad-Dahhak bin Sufyan akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam katika diya ya mumewe. Umar aliposikia hayo akaiacha rai yake. Basi ikiwa Umar aliiacha, ni nani leo wa kumwambia mjane kwamba fedha za ajali ni za ukoo wa mume?

Fidia ya maumivu ya marehemu huingia katika mali yake: hulipwa madeni, ikatolewa wasia usiozidi thuluthi, kisha ikarithiwa. Tuseme zimebaki shilingi 720,000, na marehemu ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mke apata thumuni, yaani 90,000. Mama apata sudusi, 120,000. Zilizobaki 510,000 ni za watoto: wa kiume 340,000 na wa kike 170,000. Ami aliyeshughulikia kesi hana fungu hapo, ingawa ni haki arudishiwe alichotumia. Na fungu la mtoto mdogo ni amana; aliyaye mali ya yatima kwa dhulma, Sura ya Nisaa imemwonya kwa moto.

Twawasihi wazee wa kila nyumba: eda isifanywe pazia la kumficha mjane habari za kesi ya mumewe. Aambiwe wakili ni nani, hati ziko wapi, na siku ngapi zimebaki. Kama hawezi kutoka, aendewe nyumbani. Na karatasi yoyote ya suluhu iletwayo na watu wa bima isitiwe sahihi mpaka awe amesomewa yote, kwa lugha anayoifahamu.